Laki na nusu kila mwezi kwa paka wawili wa Fuoni: ipi ilikuwa lazima na ipi hapana

Laki moja na hamsini na nne elfu kwa mwezi, paka wawili. Na hapa simzungumzii Mzungu wa Paje wala mwenye hoteli, namzungumzia mwalimu wa skuli ya msingi anaekaa Fuoni hapa Unguja, mshahara ukishakatwa unabakia laki nne na kitu, bwana'ke yuko kazini Nungwi anarudi kwa wiki mara moja, mtoto mmoja, na mama mkwe nyumba hiyohiyo. Mwenyewe kaniruhusu nikiandike kisa chake ila nisimtaje jina, basi nitamwita bi dada. Tumo mchezo mmoja wa pesa na mie ndo mshika daftari, na yeye alikuwa mtu wa kutoa mapema kuliko wote, mara akaanza "nivumilie mpaka tarehe tano", mwezi wa pili tarehe kumi, nikamuuliza kulikoni shoga, akacheka akasema paka hao. Nikadhani mzaha.

Paka wenyewe ni hivi. Wa kwanza Bofulo, dume, rangi yake mkate kweli, aliokotwa mdogo pale nje ya soko la Darajani. Usiku analala ndani akitaka, mchana kutwa yuko juu ya mapaa na kwenye mabanda ya kuku ya watu. Wa pili Malaika, jike, manyoya marefu, huyu kanunuliwa laki mbili na hatoki hata mlangoni kwa sababu wanaogopa ataibiwa, na hapo nawaunga mkono, paka wa manyoya mtaani hakai.

Nikamwambia niandikie kila ulichowanunulia mwezi uliopita, usinifiche. Akaandika: chakula cha mfuko kile kikavu, mifuko miwili ya kilo mbili mbili, 56,000. Vipakiti vya chakula cha majimaji, 24,000. Mchanga wa paka wa dukani, 30,000. Maziwa, 15,000. Shampuu, 12,000. Mikanda ya shingo yenye kengele, miwili, 11,000. Vimpira na kipanya cha manyoya, 6,000. Jumlisha mwenyewe.

Mie nilichokiona kwanza kwenye ile karatasi ni kile kilichokosekana. Chanjo hamna. Dawa ya minyoo hamna. Kufunga kizazi hamna, wala hakuna mtu aliewahi kulizungumza. Nikauliza mara ya mwisho wameonwa na daktari wa mifugo lini, akasema Malaika alipelekwa ile siku ya dawa ya viroboto (ntaifikia hiyo), Bofulo hajawahi.

Sasa ndani ya nyumba ile kuna kambi mbili. Bi dada anasema paka ni amana, akishaingia ndani kwako ndo mtoto wako, kwa hiyo apewe kizuri. Mama mkwe anasema, namnukuu, "Mwanangu, tangu lini paka wa Unguja akanunuliwa chakula? Mpe kichwa cha changu, akishiba akamate panya, basi." Na kila akiona ile kengele kwenye shingo ya Bofulo anasonya, eti panya wanaisikia wanakimbia mapema, na kusema kweli hapo bibi ana hoja nzito kuliko wote.

Nafikiri wote wawili wanatafuta orodha moja ya paka wote, na orodha hiyo haipo. Ile hadithi ya mwanamke alieadhibiwa kwa sababu ya paka tunaijua sote, imo kwenye Bukhari na Muslim, alimfungia, hakumlisha na wala hakumuachia akale wadudu wa ardhini. Itazame vizuri: mambo mawili yamewekwa pamoja, umfungie umlishe, au umuache ajitafutie. Yaani gharama inakuja na kile ulichomzuilia. Malaika amefungiwa, kwa hiyo chakula chake chote, choo chake, usafi wake wa manyoya, vyote viko shingoni kwa mwenye nyumba. Bofulo anazurura, chakula nusu anajitafutia, lakini huko anakozurura anapigana, anang'atwa, anakula panya wenye minyoo, anarudi na viroboto, kwa hiyo deni lake kubwa ni la dawa na chanjo. Bi dada alikuwa anawanunulia wote wawili vitu sawasawa, mfuko sawa, mkanda sawa, kama wanavyonunuliwa watoto nguo za Sikukuu ili asilie mtu.

Chakula basi, maana ndo kinachokula pesa. Paka mzima wa kilo nne anahitaji kiasi cha kalori 200 mpaka 250 kwa siku, hazidi. Chakula kikavu cha mfuko kina kama kalori 350 mpaka 400 kwa gramu mia, kwa hiyo gramu 60 hivi zinamtosha siku nzima. Paka wawili gramu 120, mwezi mzima kilo tatu na nusu na ushee. Yeye alikuwa ananunua kilo nne! Ile mifuko miwili peke yake ilikuwa inawatosha wote wawili na kubakia, halafu juu yake vipakiti, halafu maziwa, halafu mama mkwe kwa siri anawapa vichwa vya samaki kwa sababu haamini kama vile vipunje ni chakula. Thelathini na tisa elfu ya vipakiti na maziwa ilikuwa inakwenda kwenye matumbo yaliyokwisha shiba. Na maziwa ndo mabaya zaidi, paka wengi wakishakuwa wakubwa hawawezi kuisaga ile sukari ya maziwa, wanaharisha, na Malaika alikuwa anaharisha kweli, na dawa ya kuharisha kwa mujibu wa bi dada ilikuwa ni kumbadilishia aina ya kipakiti, cha kuku badala ya cha samaki.

Lakini na bibi nae asishangilie. Paka si mbuzi, hawezi kukaa kwa wali na mchuzi wala ugali, ni mla nyama moja kwa moja. Kuna kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake hauwezi kukitengeneza wa kutosha, lazima akipate kwenye nyama au samaki, akikikosa muda mrefu macho yanakufa na moyo unapanuka unachoka. Samaki wetu wanacho, ila samaki mtupu kila siku nae ana mambo yake: samaki wa jamii ya dagaa na simu wakiliwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, dawa yake ni kuwapika tu, kinakufa. Dagaa wakavu wa kwetu wamechemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo lazima uwaroweke umwage maji. Ini mpe kidogo, si kila siku, likizidi linajaza vitamini A mwilini mpaka mifupa inaumia. Na kile chakula cha jana chenye vitunguu maji na thomu (kitunguu saumu) usimwekee kabisa, vinaharibu damu ya paka.

Tulichokubaliana ni nusu kwa nusu. Mfuko mmoja wa kilo mbili kwa mwezi, 28,000, unabeba nusu ya mahitaji na zile vitamini ambazo jikoni huwezi kuzipima. Nusu ya pili dagaa, kiasi cha gramu 40 wakavu kwa kila paka kwa siku, mwezi kama kilo mbili na nusu, kwa bei anayonunulia yeye ya elfu saba kilo ni 17,500. Siri ya dagaa wanaijua watu wa pwani: wanavuliwa kwa taa wakati wa kiza, mbaamwezi ikiingia wanapungua na bei inaruka, kwa hiyo nunua kiza kikiwa kimekolea weka akiba, wakavu hawaozi upesi. Jumla ya chakula 45,500 badala ya 95,000. Malaika mwanzoni aligoma, siku ya kwanza alinusa akaondoka na mkia juu kama bi harusi alieletewa zawadi ndogo, mama mkwe akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alikula. (Angalizo: paka akigoma kula kabisa siku mbili tatu usimshindishe na njaa ukisema atazoea, paka hasa mnene ini lake linaweza kuharibika. Changanya kidogokidogo.)

Mchanga wa dukani tuliufuta. Bofulo anakwenda nje, Malaika peke yake ndo anatumia beseni, na mtaa wa pili kuna fundi seremala maranda yanamjaa mpaka anachoma moto. Kijana wake anapewa elfu moja kwa mwezi anajaza kiroba. Maranda mepesi yasiyo na rangi wala vanishi. Wazo la kwenda kuchota mchanga ufukweni nililikataa, mchanga wenyewe kwetu ni mali adimu na kuna utaratibu wake. La muhimu kuliko aina ya mchanga ni kuzoa kila siku, kwa sababu vile vijidudu vya toksoplasma, hatari kwa mimba, vikitoka kwenye kinyesi vinachukua siku moja mpaka tano kabla ya kuweza kuambukiza, ukizoa kila siku umeviwahi. Na kama bi dada atachukua mimba basi kazi hiyo ni ya bwana'ke au ya mama, asibishane.

Shampuu, vimpira, kipanya, sitaki hata kuvizungumza. Paka anajikosha mwenyewe. Malaika anahitaji kitana, cha kila siku, kwa sababu manyoya yale na joto letu la kaskazi yakishikana yanakuwa mabonge yanavuta ngozi, na kitana alikuwa hana!

Sasa ile siku ya viroboto. Bofulo alileta viroboto nyumbani, mtoto akawa anaamka na vipele miguuni. Jirani mmoja anafuga ng'ombe akawaambia dawa ipo rahisi, ile ya kuogeshea ng'ombe, kichupa elfu nne, changanya na maji uwaogeshe. Nia njema. Bofulo alikimbia, wakamkosa, ndo bahati yake. Malaika akashikwa akaogeshwa vizuri, manyoya yote yakalowa. Baada ya saa kadhaa masikio yakaanza kucheza, kwanza moja, linakung'utika lenyewe kama kuna nzi, halafu yote mawili, halafu ngozi ya mgongoni, mate yanamtoka, akitembea miguu ya nyuma inamwacha. Magharibi akaanza kutetemeka mwili mzima na degedege. Bwana yuko Nungwi. Teksi kwenda na kurudi 25,000, matibabu 85,000, na daktari akamwambia kilichomsaidia ni kuwa mama mkwe aliwahi kumkosha na maji vuguvugu na sabuni ya vyombo kabla hawajatoka. Bibi huyohuyo wa kichwa cha changu.

Dawa nyingi za kupe na viroboto za ng'ombe na za mbwa zina sumu za wadudu za jamii ya paretroidi, sipamethrini, pamethrini na ndugu zao, ng'ombe hazimdhuru, mbwa anazivumilia, paka ini lake halina uwezo wa kuzivunja na zinampiga kwenye mishipa ya fahamu. Na panadoli vilevile, kidonge kimoja cha mtu mzima kinaweza kuua paka. Kwa hiyo pale ambapo mtu angesema hapa nimebana matumizi, elfu nne badala ya elfu saba saba za dawa ya matone ya paka mwenyewe, ndo palipokuwa ghali kuliko mfuko wowote wa chakula. Dawa ya viroboto ya paka tumeiingiza kwenye bajeti kwa wote wawili, 14,000 kwa mwezi, na hiyo sikubali ipunguzwe, maana viroboto ndo wanaobeba na ile minyoo ya tegu, paka akijilamba anammeza kiroboto, tegu anaingia tumboni. Ukitibu minyoo ukawaacha viroboto unarudi palepale. Dawa ya minyoo yenyewe kila miezi mitatu, 6,000 kwa wawili, ukigawa ni 2,000 kwa mwezi.

Halafu Malaika akanenepa. Walidhani chakula cha mfuko.

Yaani mtu kafungia jike ndani lisiibiwe, madirisha yana wavu, mlango una kitasa, halafu shume mzima, dume asiehasiwa, analala kwenye kochi hilohilo. Paka hawajui ndoa wala udugu wa kulelewa pamoja. Mimba ya paka ni wiki tisa hivi, wakazaliwa vitoto vinne, viwili rangi ya mkate, hakuna haja ya kupima damu. Bwana alivyorudi wikiendi akavihesabu akasema "Mie nilioa mke mmoja na mama nnae, hii kadamnasi siilishi." Na hapo hesabu yote ya chakula niliyoipiga juu ikapasuka, kwa sababu jike anaenyonyesha anaweza kula mara mbili mpaka tatu ya kawaida yake, na vitoto vyenyewe vinatakiwa dawa ya minyoo kuanzia wiki chache tu za mwanzo, tena vinarudiwa rudiwa.

Hapa ndo penye uzito wote wa kisa hichi kwangu mie. Gharama zote nyengine unazidisha kwa idadi ya paka, hii ya uzazi ndo inayoamua hiyo idadi ni ngapi. Jike anaweza kuingia joto tena wiki chache baada ya kuzaa hata bado ananyonyesha, na vile vitoto vya kike vinaweza kushika mimba vikiwa na miezi minne mitano tu. Bei aliyotajiwa bi dada ni laki moja kumfunga Malaika kizazi na 60,000 kumhasi Bofulo. Akashtuka, akasema sina laki na sitini. Lakini ulikuwa na laki na hamsini na nne, nikamwambia, kila mwezi.

Kwa kuwa pesa haikuwepo kwa mkupuo ikabidi tuchague nani aanze, na watu wengi wangesema jike, na mtaani kwa kawaida ni kweli, maana ukimhasi dume mmoja wa mtaa wamebaki kumi na jike atazaa vilevile. Nyumba hii ni tofauti. Malaika hatoki, dume pekee anaemfikia ni Bofulo, na yeye bado ananyonyesha, si vizuri kumpasua sasa. Kwa hiyo Bofulo kwanza, rahisi zaidi, anapona haraka, na faida ya ziada atapunguza kupigana na kukojolea makochi. Tahadhari moja: dume akishahasiwa anaweza kubaki na uwezo wiki kadhaa bado, kwa hiyo mwezi na nusu watengwe vyumba. Malaika atafuata vitoto vikishaachishwa na maziwa yakikauka.

Mama mkwe alikataa. Kukata kizazi cha kiumbe cha Mungu ni haramu, basi. Bi dada hakubishana nae, alifanya la maana, alikwenda kumuuliza sheikh wa madrasa anayosoma mtoto. Sheikh akamwambia maulamaa wamekhitalifiana, wapo waliokataza na wapo walioruhusu ikiwa kuna maslahi na mnyama hadhuriki, na akamuuliza yeye, hivyo vitoto ukivikosea watu utavipeleka wapi? Jibu sote tunalijua, vinatupwa sokoni kwenye boksi. Bibi hajakubali mpaka leo lakini kanyamaza, na kwa bibi yule kunyamaza ni kitu kikubwa.

Chanjo nilidhani itakuwa vita, haikuwa, kwa sababu mama mkwe ni mtu wa Pemba. Anakumbuka habari za mbwa wa kichaa kule. Pemba waliumaliza mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukaingia tena 2016, wakapambana mpaka 2018. Kichaa cha mbwa paka nae anapata na anakileta ndani, na mtu dalili zikishamtokea karibu hakuna anaepona. Kwa hiyo Bofulo anaezurura chanjo ya kichaa kila mwaka haina mjadala, na akimng'ata mtoto wa jirani suali la kwanza litakuwa amechanjwa au hajachanjwa (na jeraha likoshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, halafu hospitali, hata kama kachanjwa). Malaika nae achanjwe, hasa ile ya magonjwa ya paka wenyewe, ule ugonjwa wa kutapika na kuharisha unaoua vitoto hauhitaji paka mgonjwa aingie ndani, unaingia na viatu. Zote kwa wote wawili alitajiwa 90,000 kwa mwaka, yaani 7,500 kwa mwezi ukiiweka kwenye kibubu.

Bajeti mpya basi, ya paka wawili bila ya vitoto: chakula 45,500, maranda 1,000, viroboto 14,000, minyoo 2,000, chanjo 7,500. Sabini elfu kamili. Juu yake tukaweka 15,000 ya dharura, hiyo haiguswi, maana dume anaekula chakula kikavu na maji hanywi anaweza kuziba mkojo, ukimuona anachuchumaa chuchumaa hakitoki kitu usingoje kesho, siku mbili zinammaliza. Themanini na tano elfu. Bado ni pesa nyingi kwa mshahara ule, sisemi uongo, na kama asingemnunua Malaika, Bofulo peke yake angemgharimu chini ya nusu ya hiyo. Kinachookolewa ni 69,000 kila mwezi, operesheni zote mbili zinalipika kwa miezi miwili na ushee bila kukopa.

Bofulo keshafanyiwa. Vitoto viwili vimepata watu, kimoja kaenda Jang'ombe kwa mwalimu mwenzake, na sharti alilotia bi dada ni kuwa anaechukua jike akubali kumfunga kizazi, asiekubali apewe dume. Viwili vilivyobaki mama mkwe anasema kile cha rangi ya mkate hakiondoki, chake yeye, atakilisha vichwa vya changu na kengele hakivai. Bwana bado hajaambiwa.